Rangi Tupu na Kitu Kilichotoroka: Msamiati wa Rangi wa Kiswahili katika Uhakiki wa Picha Dhahania, kutoka Mbinga hadi Ziwa Nyasa

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna Kiswahili kinavyoweza kuhakiki picha za kamera ambazo mada yake ni rangi, na ambazo kitu kilichopigwa picha kimefifizwa au kuondolewa kabisa. Hoja ya msingi ni kwamba, ukiacha vivumishi vitatu, majina ya rangi katika Kiswahili kwa sehemu kubwa ni majina ya vitu. Kwa hiyo mhakiki anapoitaja rangi hukirudisha kitu ambacho mpigapicha alikuwa amekiondoa. Hoja hiyo inapimwa kwa kazi za Ernst Haas na Zarina Bhimji, na kwa mandhari ya Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa mkoani Ruvuma, mahali ambapo jina la rangi na kitu chake haviafikiani daima.

Utangulizi

Mkulima wa Mbinga anaweza kulima kahawa miaka mingi bila kuiona ikiwa ya kahawia shambani mwake. Mbuni ukichanua huwa na maua meupe; matunda yake huanza yakiwa ya kijani, kisha yakaiva yakawa mekundu; yakimenywa na kuoshwa, punje huanikwa zikiwa ndani ya ganda jembamba lenye weupe uliofifia mfano wa majani makavu; na ganda hilo likikobolewa, punje iliyomo huwa na kijivu chenye kuelekea kijani. Ukahawia huja mwishoni, motoni, na kwa sehemu kubwa moto huo huwashwa mbali na Mbinga, katika nchi zinazonunua. Neno kahawia, kwa hiyo, linaitazama kahawa kutoka upande wa kikombe. Aliyeipa rangi jina hilo alikuwa mnywaji.

Jambo hili dogo lina uzito kwa mhakiki wa sanaa anayeandika kwa Kiswahili. Majina ya rangi anayoyatumia yamebeba vitu, na pamoja na vitu hivyo yamebeba mahali alipokaa aliyeviona. Katika uhakiki wa picha za kawaida mzigo huo hauonekani, kwa sababu kitu chenyewe kimo pichani na jina la rangi hukiegemea. Huonekana pale mpigapicha anapokiondoa kitu akaiacha rangi peke yake. Uhakiki wa Kiswahili haukosi mazoezi ya kukabiliana na kazi za namna hiyo: msomaji wa Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi amekwisha kuzoea matini isiyompa mahali wala wakati wa kushika. Lakini kwa upande wa picha ya kamera, ambayo hudhaniwa kuwa shahidi wa vitu, mazoezi hayo ni machache, na swali la lugha ya kuihakikia limeachwa kana kwamba ni suala la kutafuta istilahi tu.

Dhahania katika sarufi

Katika sarufi ya Kiswahili, istilahi dhahania ina makazi yake maalumu, nayo ni ngeli ya U. Uzuri, utu, wema na uhuru ni nomino za mambo yasiyoshikika. Rangi zinapoletwa katika ngeli hiyo, hutokea jambo la kuzingatiwa. Tatu huingia bila kizuizi: weusi, weupe na wekundu. Hizo hizo ndizo rangi zenye vivumishi vinavyopokea viambishi vya upatanisho (kitambaa cheusi, nguo nyeupe, ua jekundu), na ndizo zilizo na viigizi vyake vya kukazia: nyeusi ti, nyeupe pe, nyekundu ndu. Nyingine zote husimama mlangoni. Ukijani husikika, na ukahawia pia, kama ulivyoonekana hapo juu. Lakini usamawati au uzambarau ni maneno ambayo msemaji huyatamka kwa kusitasita.

Sababu ni kwamba nyingi kati ya rangi hizo nyingine hazijaachana na vitu vyake. Kijani ni jani, kijivu ni jivu, manjano ni kiungo cha jikoni, zambarau ni tunda, samawati ni mbingu kwa asili yake ya Kiarabu, na rangi ya chungwa bado inahitaji kihusishi cha a-unganifu ili isimame. Zipo pia zile ambazo wasemaji wenyewe huzitunga kwa jicho kali: damu ya mzee, kwa wekundu uliokolea na kuelekea weusi, na maji ya kunde, kwa rangi ya ngozi ya mtu. Hili la mwisho linastahili kusimamiwa kidogo. Halilinganishi ngozi na kunde, bali na maji ambayo kunde zimechemkia; yaani, kitu kimekwisha kutolewa na kilichobaki ni alama kiliyoiacha katika maji. Ni vigumu kupata maelezo bora zaidi ya kile anachokitafuta mpigapicha dhahania.

Berlin na Kay (1969) walidai kwamba lugha za ulimwengu huanza kwa kutofautisha weusi na weupe, kisha wekundu, kabla ya rangi nyingine kupata majina ya msingi. Vivumishi vitatu vya Kiswahili vinaafikiana na madai hayo, lakini ni kosa kuyasoma kama kipimo cha upungufu. Msemaji wa Kiswahili huona tofauti ya samawati na kijani sawa na mtu mwingine yeyote. Wala si kweli kwamba kila asemaye kijani hufikiria jani. Mara nyingi kitu kimelala ndani ya neno kama kinavyolala katika majina ya rangi ya lugha nyingine. Hoja ya makala hii ni finyu kuliko hiyo. Picha isiyo na kitu hukiamsha kitu kilicholala ndani ya neno, kwa sababu mtazamaji anayetafuta kitu cha kushika hupewa na lugha yake kile ambacho picha imemnyima.

Kamera inayosogezwa

Jina la Uimpreshonisti lilitokana na mchoro wa Claude Monet wa mwaka 1872 unaoonyesha bandari ya Le Havre alfajiri, ambao ulipoonyeshwa Paris mwaka 1874 ulimpa mhakiki Louis Leroy neno la kuwadhihakia wachoraji wa kundi hilo. Walichokifanya ni kuichora rangi kama inavyolifikia jicho kwa wakati ule, kabla akili haijaamua kwamba hili ni jahazi na lile ni gati. Kamera ilidhaniwa kuwa haiwezi jambo hilo, kwa kuwa yenyewe huchukua kila kilicho mbele yake. Aliyeonyesha kwa uwazi mkubwa kwamba inaweza ni Ernst Haas (1921–1986), mzaliwa wa Vienna aliyehamia Marekani. Mwaka 1953 jarida la Life lilichapisha picha zake za rangi za jiji la New York, na mwaka 1962 jumba la Museum of Modern Art la jiji hilo likaonyesha kazi zake za rangi. Katika picha zake za mchezo wa fahali nchini Hispania, Haas aliacha kilango cha kamera wazi kwa muda mrefu kuliko ilivyoshauriwa na kuufuata mwendo, hata mnyama na mtu wakayeyuka wakawa mikupuo ya rangi.

Kiswahili husema kupiga picha, na kitenzi hicho kina ukali wa tendo la mara moja: kupiga risasi, kupiga muhuri. Picha za Haas zinakipinga kitenzi hicho. Zinafanana zaidi na kupaka. Hapa ndipo neno rangi lenyewe, lenye asili ya Kiajemi, linapoleta ufunuo ambao lugha nyingine nyingi hazina: kwa Kiswahili neno moja hutaja sifa inayoonwa na jicho na pia kimiminika kilichomo ndani ya kopo. Rangi ya ukuta ni vyote viwili. Roland Barthes (1980) aliishuku rangi katika picha kwa kuiona kama kipodozi kilichopakwa baadaye juu ya ukweli wa awali wa picha nyeusi na nyeupe. Kwa msemaji wa Kiswahili, shutuma hiyo karibu si shutuma. Rangi hupakwa, ndiyo kazi yake. Swali la kuuliza ni nani aliyepaka, kwa kopo lipi.

Na kopo halikuwa la haki. Roth (2009) ameeleza jinsi kadi zilizotumika kusawazishia rangi katika maabara za picha zilivyojengwa juu ya ngozi ya mwanamke Mzungu, na jinsi kampuni ya Kodak ilivyoanza kuishughulikia kahawia iliyokolea kutokana na malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao. Ng'ambo ya Mto Ruvuma, nchini Msumbiji, mtengenezaji filamu Jean-Luc Godard alipoalikwa mwishoni mwa miaka ya 1970 alizikataa kanda za kampuni hiyo kwa sababu ya ubaguzi huo. Maji ya kunde, basi, hayakuwa rangi ambayo ukanda wa filamu ulitengenezwa kuiona. Mhakiki anayesifu rangi tupu katika picha za karne iliyopita anapaswa kukumbuka kwamba utupu huo ulikuwa umekwisha kuchagua.

Zarina Bhimji: kutoka wapi?

Zarina Bhimji alizaliwa Mbarara, Uganda, mwaka 1963. Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia mwaka 1972, na familia ya Bhimji ilihamia Uingereza mwaka 1974. Kazi zake kuhusu Uganda, picha na filamu, zilimwingiza katika orodha ya washindani wa Tuzo ya Turner mwaka 2007. Si mpigapicha dhahania kwa maana kali ya neno: kuta zake ni kuta, na madirisha yake ni madirisha. Lakini ameondoa kile ambacho mtazamaji wa historia hiyo hukitazamia kwanza, yaani watu, na mahali pao ameweka mwanga na rangi juu ya majengo yaliyoachwa. Amewahi kusisitiza kwamba kinachomshughulisha ni mwangwi wa matukio kuliko matukio yenyewe. Katika picha hizo rangi inayobanduka ukutani ndiyo rangi ya picha. Maana mbili za neno la Kiswahili zimekuwa kitu kimoja mbele ya macho. Ni mahali pachache ambapo lugha ya mhakiki huwa imeisubiri kazi ya msanii kwa ukamilifu namna hii.

Filamu yake Out of Blue (2002), yenye urefu wa takribani dakika 24, iliagizwa kwa ajili ya maonyesho ya Documenta 11 mjini Kassel, Ujerumani. Inaanzia katika mandhari ya kijani yenye ukungu, moto ukafuata, kisha kamera ikapita polepole katika majengo matupu, makaburi na uwanja wa ndege wa Entebbe. Sauti husikika bila wenye sauti kuonekana. Namna ya kuliita jina la filamu hii kwa Kiswahili si swali la mfasiri peke yake. Kiingereza kinachezea msemo wa jambo linalotokea bila kutarajiwa, lakini kwa kuangusha kibainishi kimeifanya buluu isimame kama dutu au mahali. Ghafla bin Vuu ingeuchukua ughafla na kuiacha rangi. Kutoka Buluu ingeichukua rangi na kuuacha ughafla, tena kwa neno la mkopo lisiloegemea kitu chochote katika Kiswahili.

Kutoka Samawati ni tafsiri yenye hasara ndogo zaidi, na faida yake haikutarajiwa. Msemo wa Kiingereza umeificha mbingu ndani ya rangi, samawati inaitoa. Kwa watu wengi waliofukuzwa, na kwa filamu inayoukazia macho uwanja wa Entebbe, mbingu ilikuwa barabara. Walikoondokea na walikoendea hapakuwa na kitu katikati isipokuwa hiyo samawati. Hapa Kiswahili kinakirudisha kitu ambacho jina la Kiingereza limekiondoa, na filamu inazidi kueleweka.

Si kila mara mambo huwa hivyo. Yellow Patch (2011) ilipigwa nchini India, katika ofisi za bandari ya Mumbai na maeneo ya Gujarat na Kutch, na inahusu biashara na uhamaji kati ya Bara Hindi na Afrika. Neno la pili la jina hilo laweza kuwa kiraka cha nguo, kipande cha ardhi au baka juu ya ngozi. Kiswahili hulazimisha uchaguzi. Neno la kwanza ni hatari zaidi. Likifasiriwa kuwa manjano, bidhaa inaingia: kiungo kilichosafiri katika njia zile zile za bahari ambazo filamu inazifuata. Mhakiki atashawishika kuandika kurasa kadhaa juu ya ulinganifu huo. Ashawishike kwa tahadhari. Jina la Kiingereza halina bidhaa, na kinachoonekana kuwa ugunduzi kinaweza kuwa zawadi ya msamiati wa mhakiki mwenyewe. Tofauti kati ya tafsiri hizi mbili ni kwamba ile ya kwanza inathibitishwa na filamu yenyewe kwa kuuonyesha uwanja wa ndege, ilhali ya pili haina cha kushikilia zaidi ya mada ya jumla. Kitu kilichorudishwa na lugha hakina budi kutafutiwa shahidi ndani ya kazi.

Upo pia udhaifu ambao si wa lugha. Uzuri wa rangi katika kazi za Bhimji mara nyingine huyatuliza mambo ambayo hayakupaswa kutulia. Ukungu wa kijani wa mwanzo wa Out of Blue ungeweza kuwa wa mahali popote penye mvua, na mtazamaji asiyejua mwaka 1972 anaweza kuupokea kama mandhari ya kupendeza tu. Rangi yake ina nguvu zaidi pale ilipochakaa, kwa sababu kuchakaa kunahitaji muda, na muda unahitaji mtu aliyeondoka.

Upande wa mashariki wa ziwa

Kutoka mji wa Mbinga hadi Mbamba Bay, makao makuu ya Wilaya ya Nyasa, hakufiki kilomita 70, lakini barabara hushuka kutoka milima ya Umatengo hadi ziwa lililo mita 474 hivi juu ya usawa wa bahari. Njiani miteremko imejaa ngoro, mashimo ya kilimo ya Wamatengo yaliyopangwa kama vyumba vya sega. Kwa mpigapicha wa maumbo na rangi ni kishawishi kikubwa: mistari ya udongo, vivuli vya duara, kijani cha mimea michanga juu ya kingo. Zikipigwa kutoka mbali, ngoro huwa picha dhahania bila mpigapicha kufanya lolote. Linalopotea ni kazi, ambayo kwa desturi wanaume hufyeka na kuzipanga nyasi, na wanawake huzifukia kwa udongo na kuchimba. Zile nyasi zilizofukiwa haziwezi kuonekana katika picha ya aina yoyote ile, kali au iliyofifizwa. Zimo katika maelezo tu.

Mwambao wa Ruvuma uko mashariki mwa ziwa, kwa hiyo jua huzama majini, upande wa Malawi. Mpigapicha anayesimama Mbamba Bay au Liuli jioni hupiga akielekea kwenye mwanga, na kila kilicho mbele yake, mtumbwi, jiwe, mvuvi, hugeuka kivuli. Uimpreshonisti hapo hauhitaji hila. Kamera ikisogezwa kwa ulalo kwa muda wa sekunde moja, hubaki matabaka: wekundu juu, kitu cha damu ya mzee katikati, weusi chini. Jambo la kushangaza ni kwamba matabaka hayo ndiyo yanayoangukia ndani ya zile rangi chache ambazo Kiswahili kinaweza kuzitaja bila kitu, pamoja na ile moja iliyotungwa kwa mwili wa mzee. Picha za machweo ya Ziwa Nyasa ni rahisi kuandikwa, na pengine ndiyo sababu huandikwa vibaya: nyekundu ndu, nyeusi ti, na hakuna kilichosemwa.

Mchana ni mgumu zaidi. Dagaa walioanikwa mchangani hung'aa kwa rangi ambayo Kiswahili huiita ya fedha, na anayewaanika hawezi kulichukulia neno hilo kama la rangi peke yake. Mpigapicha anayewafifiza dagaa hao hadi wakabaki mng'aro tu atakuwa ameiondoa samaki na kuiacha fedha, jambo ambalo kwa mchuuzi si dhahania hata kidogo.

Kisha yako mawingu ya ziwani. Katika misimu fulani wadudu wadogo wa jamii ya Chaoborus edulis huinuka juu ya maji kwa wingi usiohesabika, wakawa nguzo zinazoonekana kutoka mbali sana. Upande wa Malawi huitwa nkungu, na hukusanywa, hupondwa na kupikwa vikawa vitobosha vyeusi vya kuliwa. Neno hilo liko jirani mno na ukungu wa Kiswahili, na picha yake iko jirani vivyo hivyo: katika picha iliyopigwa kwa kilango kilichochelewa, nguzo hiyo huwa doa refu la kijivu juu ya samawati. Mhakiki anapoandika kijivu, jivu huamka, na pamoja nalo moto. Katika miezi ya Septemba na Oktoba, mashamba na misitu inapochomwa na moshi kutanda ziwani hata milima ya ng'ambo isionekane, usomaji huo utakuwa sahihi. Katika mwezi mwingine utakuwa umemwonyesha msomaji moshi mahali ambapo mtu wa mwambao angeona chakula. Picha haitamsahihisha, kwa kuwa rangi ni ile ile. Kitakachomsahihisha ni tarehe ya picha, mahali alipokuwa amesimama mpigapicha, na upande ambao upepo ulikuwa ukivuma siku hiyo.